Nangojea Ijumaa ya Buraza

Zimebaki siku tatu. Leo ni Jumanne jioni, na tangu Jumapili nimeshafungua mfuko wangu mara nne kuhakikisha kwamba vitu vyote vimo. Sindano tano nimezichomeka kwenye kipande cha sabuni ili ziteleze vizuri. Nina uzi mweupe na mweusi, chaki ya fundi, kipande cha karatoni nilichokikata sentimita 15 kwa 15, shuka, mswaki, na sweta kwa sababu watu wanasema upande wa Gitega usiku kuna baridi. Chini kabisa, chini ya sweta, kuna kitambaa kimoja kilichokunjwa mara nne. Hicho ndicho kinachonifanya nifungue mfuko kila mara.

Ijumaa, wanawake kumi na wawili wa kambi yetu ya Kinama tutapanda gari kwenda Buraza, kusini mwa mji wa Gitega, kushona pamoja mpaka Jumapili. Tutalala huko usiku mbili. Si semina. Hakuna mtu atakayetufundisha tena kunawa mikono, na mwishoni hakuna swali la "mmejifunza nini?" Ni kukaa, kushona, kula, kuzungumza na kulala.

Nilipomwambia baba watoto kwamba nitakuwa nje ya kambi wikendi nzima, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mkimbizi iko na wikende?" akaniuliza. "Weye ulianza Jumatatu gani ndiyo ufike Jumamosi?"

Nilicheka na mimi, lakini usiku neno lake lilinirudia. Nyinyi mnaokuja kufanya kazi na sisi mnaijua Ijumaa. Mchana magari yanaanza kugeuzwa yaelekee barabarani, ofisi zinafungwa, na siku mbili kambi inabaki kimya kama shule ya likizo. Sisi tunajua ni Jumamosi kwa sababu ya ukimya huo. Siku zetu nyingine zina majina mawili tu: siku ya posho na siku ya ibada. Mtu asiye na kazi ya kupumzika nayo, atapumzika kutoka wapi?

Ndiyo maana hii Ijumaa imenishika hivi. Kwa miaka ishirini na moja nimengojea vitu visivyo na tarehe. Amani ya kwetu haina tarehe. Dosiye haina tarehe. Hata posho, siku hizi inapopungua, tarehe yake inateleza. Safari ya Buraza ina tarehe, ina saa, ina idadi ya watu, na kuna mtu ameshaenda kuuliza bei ya maharage. Nilikuwa nimesahau kwamba kungojea kunaweza kuwa kutamu.

Nieleze kwanza tunashona nini, maana hata hapa kambini wengi wanatucheka. Tunashona mablanketi ya viraka. Jirani mmoja alipotuona tumezungukwa na vipande alisema, "Ninyi mama, viraka hamuna vyenyewe kwenye nguo zenu mpaka muende kuvitafuta?"

Kazi ilianzishwa na bibi mmoja ambaye sote tunamwita Koko. Mafundi wa kushona wa pale karibu na soko walikuwa wanafagia mabaki ya bikwembe kila jioni na kuyachoma. Koko alianza kuyaokota kwenye kikapu. Tulidhani anatafuta ya kuwashia moto. Baada ya miezi miwili akatoka nje asubuhi moja na kutandika juu ya uzio kitu ambacho hatujawahi kuona: blanketi zima la miraba, nyekundu, buluu, njano, samaki, maua, macho, funguo, vyote pamoja. Watoto walisimama mbele yake kama mbele ya televisheni. Wiki hiyo hiyo tukawa wanne tunaokota, na mafundi wakaacha kuchoma.

Kazi yenyewe haina siri. Kipande kipya unakiosha kwanza, kwa sababu kikwembe kikitoka dukani kina wanga unaokifanya kigumu, na kikija kufuliwa baadaye kitapungua na kuvuta wenzake. Kinachotoa rangi unakiloweka kwenye maji ya chumvi, na kikiendelea kutoa rangi unakiacha, hata kiwe kizuri namna gani, maana kitaharibu vyote. Unapiga pasi ya makaa. Unaweka karatoni yako juu, unachora, unakata. Unaunganisha vipande safu kwa safu, kisha safu kwa safu nyingine. Blanketi la kitanda cha mtu mmoja linakula safu tisa za vipande saba saba, wakati mwingine zaidi. Katikati tunaweka blanketi la kijivu lililochakaa, lile la msaada ambalo kila nyumba inalo. Nyuma tunaweka shuka kuukuu. Halafu unapitisha uzi kutoka juu mpaka chini, mishono midogo midogo, ili tabaka zote tatu zishikane zisitembee. Hapo ndipo vidole vinapouma. Blanketi moja kwa mkono linaweza kuchukua mwezi.

Mimi mwanzoni nilifikiri ni ujanja wa Koko tu. Baadaye niligundua kwamba dunia nzima kuna wanawake waliofanya hivi, na wengine ni watu wetu.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu anayeishi Louisville, Marekani. Aliondoka hapa Kinama mwaka 2016. Kule, akina mama wazee wa kanisa moja walimkaribisha kwenye kikundi chao cha kushona, na aliniambia jambo ambalo sikuamini: wanawake wale, wenye nyumba kubwa na mashine za umeme, hufunga mizigo mara moja kwa mwaka na kwenda mahali mbali na nyumba zao, siku mbili au tatu, ili washone tu. Hawaendi kuuza. Hawafundishwi. "Yaya, wanacheka usiku kucha kama wasichana," aliniambia. Nilibaki na hilo moyoni. Ndipo tulipopata wazo la kwenda Buraza, na wenzetu wa huko wakasema njooni, ukumbi upo.

Mdogo wangu ndiye pia aliyenitumia picha za mablanketi ya Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na mto kule Alabama. Wanaokaa pale ni wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Wanawake wao walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shamba, magunia, chochote, ili watoto wasife baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa katika jumba la makumbusho la Houston, kisha New York, na watu wakapanga mstari kuyatazama. Kuna moja ambalo silisahau. Mwanamke aitwaye Missouri Pettway alilishona mwaka 1942 baada ya mume wake kufariki. Alichukua nguo za kazi za marehemu, zenye madoa na magoti yaliyopauka, akazikata, akazishona, ili ajifunike nazo. Sasa hilo blanketi limehifadhiwa Washington. Kwenye picha hakuna rangi ya kuvutia macho. Lakini nililitazama muda mrefu kuliko mengine yote.

Na India kuna Wasidi, wazao wa watu waliotoka huku kwetu Afrika ya Mashariki karne nyingi zilizopita, wengine kama watumwa, wengine kama askari na mabaharia. Katika jimbo la Karnataka wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka wanayoyaita kawandi. Sisi tunaanza kwa kuunganisha miraba, wao wanaanza kwenye pindo na kuzunguka kuelekea katikati mpaka nafasi iishe. Na wakimaliza, kwenye kila pembe wanaongeza kipande kidogo wanachokiita ua. Bila maua yale, wanasema, blanketi liko uchi. Koko alipoona picha hiyo kwenye simu yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hawa ni batoto betu." Tangu siku hiyo mablanketi yake yote yana maua kwenye pembe.

Hata leso ya pwani, ile kanga mnayoiona ikivaliwa na akina mama Waislamu wa hapa Muyinga na wa Buyenzi kule Bujumbura, inasimuliwa kwamba ilianza kwa kuunganishwa. Zamani, karne ya kumi na tisa, vitambaa vya mkononi vya Wareno viliuzwa vikiwa bado havijakatwa. Wanawake wa Zanzibar na Mombasa wakanunua vipande sita, wakavishona vitatu kwa viwili, wakapata vazi zima. Jina leso ni la kile kitambaa kidogo cha mkononi. Na kikwembe chetu tunachojivunia, tunachokiita cha Kiafrika, mtindo wake ulitoka Java. Waholanzi waliuiga kwenye viwanda, na kile cha Vlisco pale Helmond kimekuwepo tangu mwaka 1846, kisha vitambaa vikaja kwetu, mama zetu wakavipa majina yao. Kwa hiyo anayesema viraka ni vitu vya maskini, mwambie nguo aliyovaa nayo imetoka mbali na imepita mikono mingi.

Sasa nirudi kwenye kitambaa changu.

Sharti la Buraza ni moja. Kila mwanamke aje na kitambaa ambacho kina habari yake, akikate huko, na vipande vyote viunganishwe katika blanketi moja kubwa. Likimalizika litaletwa hapa na kutundikwa tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi duniani, na kila aliyetoa kipande atasimama aseme kidogo. Jumamosi usiku, kabla ya kukata, tutasimuliana.

Kitambaa changu ni nusu ya kikwembe cha mama yangu. Ni cha buluu, chenye mbayuwayu weupe wanaoruka wote kuelekea upande mmoja. Alikinunua Uvira, wakati baba alipokuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Kiliba. Tulivuka mpaka mwaka 2004, mimi nikiwa na miaka kumi na tano. Mwaka uleule, baada ya mauaji ya Gatumba ya tarehe 13 Agosti, sisi tukaletwa huku bara, mbali na mpaka. Mama alikuwa amebeba mdogo wangu kwa hicho kikwembe. Hapa Muyinga alikivaa kanisani, akakitandika alipougua, akakitumia kama pazia mvua ilipobomoa ukuta wetu.

Mwaka 2016, dosiye ya mdogo wangu na mume wake ilipotimia, usiku wa kuamkia safari mama alichukua makasi. Akakikunja kikwembe katikati, akakata. Nusu moja akampa mdogo wangu, nusu nyingine akanipa mimi. Akasema, "Siku mutakutana, mutashona." Alisema kwa kutabasamu, kama mtu anayetoa kazi ya nyumbani. Alifariki mwaka 2019. Amelala hapa, ng'ambo ya bonde, na mdogo wangu alimwona akizikwa kwenye simu.

Tangu hapo, nusu yangu sijaivaa wala sijaitandika. Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku, chini ya karatasi zetu zote za dosiye. Maana na sisi tulikuwa na dosiye. Tulifanya intaviu, tukarudia intaviu, tukafanya medikale. Mwishoni mwa mwaka 2024 tuliambiwa tukae tayari. Watoto walianza kuagana na wenzao. Kisha ikaja amri iliyosainiwa Marekani tarehe 20 Januari 2025, kusimamisha mpango wao wa kupokea wakimbizi. Hapa kambini mnajua ilivyokuwa wiki hiyo. Kuna waliokuwa wameshauza sufuria.

Nilipoambiwa lete kitambaa chenye habari, nilijua mara moja ni kipi. Na nikajua mara moja kwamba sitakipeleka. Nilichukua sketi ya binti yangu ya shule, nikaiweka kwenye mfuko. Nusu ya mbayuwayu ilikuwa inangojea nusu yake. Nikiikata vipande vya sentimita 15, nitakuwa nimesema kwa mikono yangu mwenyewe kwamba sitaenda. Hilo nilikuwa sijalisema kwa mtu yeyote, hata kwa baba watoto.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia mdogo wangu. Sikutaka ruhusa, nilitaka aniambie nisikate. Nilimweleza kuhusu Buraza, kuhusu sharti, nikamwambia nimeamua kupeleka sketi. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Yaya," akasema, "usikasirike."

Nusu yake aliikata zamani. Ilikuwa baridi ya mwaka wa kwanza, mtoto wake wa kwanza amezaliwa, na wale akina mama wa kanisa wakamwambia kila mtu alete kitambaa. Hakuwa na kingine cha nyumbani. Akaikata, akaiweka katikati ya blanketi la mtoto. Amenificha miaka yote. Na kibaya zaidi, nimeliona hilo blanketi. Nimeliona mara mia kwenye video, nyuma ya mtoto, kwenye kochi, chini ya miguu ya mtoto akijifunza kutembea. Niliona buluu na nyeupe, na sikujua ni mama.

Sikumjibu. Nilikata simu, na usiku ule sikulala. Nilikuwa na hasira ambayo siwezi kuipamba. Mimi nilibaki na mama, mimi nilimwosha, mimi nilitunza nusu yangu kwenye plastiki miaka tisa ili tushone siku tukikutana, na kumbe upande wa pili hakuna kitu cha kushona nacho.

Asubuhi nilikwenda kwa Koko. Hakunifariji. Aliniambia, "Lete hiyo yako nione."

Tukaifungua juu ya mkeka. Na hapo nikaona jambo ambalo sikulijua, kwa sababu nilikuwa naifungua kidogo tu na kuifunga tena. Kwenye mikunjo, pale ilipokuwa imekunjwa sehemu ileile tangu 2016, kitambaa kimekwisha. Rangi imeondoka, na ukiinua mbele ya jua nuru inapita. Katikati, mikunjo miwili inapokutana, kuna tundu dogo. Hakuna panya aliyeingia. Hakuna maji. Ni kukaa tu.

Koko akapitisha kidole kwenye lile tundu. "Ya mudogo wako inalalisha mutoto," akasema. "Yako ilikuwa inafanya nini?"

Sikuwa na jibu, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nalo. Nilikunja kitambaa, safari hii kwa mikunjo mipya, nikarudi nyumbani. Siku tatu baadaye nilimwandikia mdogo wangu, nikamwomba anitumie picha ya blanketi peke yake, bila mtoto. Alituma. Katikati kabisa kuna mbayuwayu tisa. Nimewahesabu.

Kilichonifanya niitoe sketi kwenye mfuko ni kitu kingine. Buraza hatutakuwa sisi wa Kinama peke yetu. Watakuwepo wanawake wenyeji, Warundi, ambao wameahidi kutuonyesha namna wanavyofunga ukingo wa vikapu ili usifumuke. Koko anaamini mshono huo utatufaa kwenye pindo. Na watakuwepo wanawake watano kati ya wale waliovuka Rusizi Februari 2025, baada ya Bukavu kuchukuliwa, ambao sasa wamehifadhiwa na jamaa zao huko Gitega. Tuliwatumia ujumbe wa sharti kama tulivyowatumia wengine. Mmoja alijibu kwa sauti, kwa upole: "Asante sana mama zangu. Tutakuja. Lakini kitambaa chenye habari hatuna. Tulivuka na nguo tulizovaa, na hizo bado tunazivaa."

Tulisikiliza sauti hiyo tukiwa kumi na wawili chini ya mti. Hakuna aliyesema kitu. Wote tumewahi kuvuka. Lakini tumekaa muda mrefu mpaka tumesahau kwamba kuwa na sanduku lenye kitambaa ndani ni utajiri.

Usiku huo nilitandika mbayuwayu sakafuni, watoto wamelala, nikachukua chaki na karatoni yangu. Nusu yangu ina sentimita 90 kwa 115. Nikichora bila kujali mikunjo, vinatoka vipande arobaini na viwili, lakini vingine vitakuwa dhaifu na vitapasuka siku ya kwanza ya kufuliwa. Nikiepuka mikunjo, vinatoka thelathini na sita. Nilichora thelathini na sita. Ilinichukua taa nzima ya sola, mpaka ikawa inapepesa.

Thelathini na sita ni vingi. Blanketi kubwa linahitaji vichache tu kutoka kwangu. Nimepanga hivi: kila mmoja wa wale watano nimpe vinne, awe na kitu cha kukata na kushona Jumamosi, na habari yake aiseme juu ya mbayuwayu kama hana kitambaa cha kuisemea. Hivyo ni ishirini. Viwili vya blanketi la pamoja. Tisa nitavishona mwenyewe, tatu kwa tatu, kama vile vya mdogo wangu, viwe katikati ya blanketi la binti yangu. Vinabaki vitano. Hivyo bado sijui, na nimeona si lazima nijue kabla ya Ijumaa.

Kuhusu dosiye, bado iko kwenye sanduku. Sijaitupa na sitaitupa. Mlango ukifunguliwa kesho nitakuwa wa kwanza kwenye mstari, na nusu ya mama nitaibeba ikiwa blanketi. Lakini jana nilimwambia baba watoto, kwa mara ya kwanza kwa sauti, "Inawezekana hatutaenda." Alikuwa anatengeneza kiti. Aliendelea kupiga msumari mmoja, kisha akasema, "Mimi nilijua tangu Januari. Nilikuwa nangoja weye useme." Tukakaa kimya, si vibaya. Baadaye akaniuliza kama Buraza kuna baridi kweli, akaniletea sweta yake, maana yangu ina tundu kwenye kiwiko.

Jana hiyohiyo nilichukua kibali cha kutoka. Anayejaza karatasi aliniuliza jina, namba, nakwenda wapi, narudi lini. Kisha akafika pale penye sababu ya safari. Nimejazwa karatasi hiyo mara nyingi maishani: hospitali, msiba, ofisi, hospitali tena. Nikasema, "Kushona." Akainua macho. "Biashara?" Nikasema hapana. "Mafunzo?" Hapana. Akafikiri kidogo na kalamu yake. Halafu akaandika neno lenyewe kama nilivyolisema, akapiga muhuri. Nimelisoma njiani kurudi mara kadhaa. Watu wawili walinisalimia sikuwasikia.

Njia najua kwa kuambiwa: Muyinga, Karuzi, tunavuka mto Ruvubu, tunaingia Gitega, mji ambao tangu 2019 ndio makao makuu ya nchi na mimi sijawahi kuuona, kisha tunashuka kusini mpaka Buraza. Koko atakaa mbele kwa ajili ya magoti. Mwenye gari amesema mafuta ni shida, kama mnavyojua, na kama hayakupatikana Alhamisi usiku, basi tutaondoka Jumamosi alfajiri na kupoteza siku moja. Tumekubaliana kwamba hata ikiwa siku moja tutakwenda.

Binti yangu mkubwa atapika. Jirani yule aliyetucheka amejitolea kuchota maji yetu siku zote mbili, na kwa malipo anataka afundishwe akija mwezi ujao. Makasi ya Koko ninayo mimi, ndiyo makali kuliko yote, nimeyafunga kwenye sketi ya shule ya binti yangu ili yasitoboe mfuko. Vipande sijakata. Nimevichora tu, chaki inaonekana vizuri juu ya buluu. Vitakatwa Jumamosi usiku, baada ya kusimuliana, mbele ya wenzangu.

Mafuta yakipatikana, tunaondoka Ijumaa saa moja asubuhi.